Shughuli za Darasani za Kufundishia Historia ya Marekani Katika Shule ya Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwalimu, mwalimu msaidizi au mzazi mwenye watoto wa miaka 11 hadi 14, yaani darasa la 6 hadi la 8 katika shule ya kati ya Marekani. Yamepangwa kwa kipindi cha dakika 45 hadi 50 na darasa la wanafunzi 26 hadi 32. Pale ambapo idadi ya watoto inabadilisha mpango, tumeeleza.

Nitajuaje kama shughuli inafundisha historia au inachangamsha darasa tu?

Kabla hujatoa kopi hata moja, jiulize: mwanafunzi ambaye hakusoma karatasi yoyote ya wakati ule anaweza kuimaliza shughuli hii na kupata alama zote? Akiweza, hapo kuna kazi ya mikono, historia hakuna. Kupaka rangi bendera ya nyota 13 au kukunja kofia ya pembe tatu hakuna ubaya Ijumaa mchana, ila kusichukue nafasi ya somo. Shughuli yenye uzito humlazimisha mtoto aamue jambo, na uamuzi huo utegemee kitu alichokisoma, alichokipima au alichokihesabu. Kila shughuli iliyomo humu imechujwa kwa kipimo hicho.

Sijawahi kufanya shughuli ya aina hii. Nianze na ipi?

Anza na Mauaji ya Boston ya tarehe 5 Machi 1770, askari wa Uingereza walipoufyatulia risasi umati wa watu mtaani. Tukio lenyewe lilikuwa fupi, lilitokea mahali pamoja, waliokufa ni watano (Crispus Attucks, Samuel Gray, James Caldwell, Samuel Maverick na Patrick Carr), na mashahidi walipingana waziwazi mahakamani. Mtoto wa miaka 13 akiambiwa hii ni kesi, ataamka.

Unahitaji picha iliyochongwa na Paul Revere, kopi moja kwa kila wanafunzi wawili. Kata kichwa cha habari kilicho juu na shairi lililo chini. Andaa pia dondoo nne za ushahidi, kila moja isizidi maneno 100.

1. Dakika 5, kimya. Kila jozi iandike vitu vinane inavyoviona. Neno linaloruhusiwa ni "naona", "nadhani" bado. Usikubali karatasi ya anayewahi kumaliza, kwa sababu mara nyingi hajamwona mbwa aliyesimama mbele kabisa ya picha.

2. Dakika 5. Uliza: mchoraji anataka umlaumu nani, na amekuonyeshaje? Watataja askari waliojipanga mstari mmoja, afisa aliyeinua upanga nyuma yao, na kibao cha "Butcher's Hall", yaani Ukumbi wa Mchinjaji, kilichobandikwa juu ya jengo la forodha.

3. Dakika 20. Vikundi vya watu wanne, kila mmoja na dondoo yake. Ya kwanza ni ya Kapteni Thomas Preston, aliyesema alisimama mbele ya bunduki za askari wake na hakutoa amri yoyote. Ya pili ni ya shahidi aliyedai kumsikia afisa akiamuru. Ya tatu ni ya Richard Palmes, aliyekuwa ameweka mkono begani mwa Preston, akasikia amri ya kufyatua lakini asijue imetoka kinywani mwa nani. Ya nne ni ya Newton Prince, mtu mweusi huru, ambaye hakusikia amri. Kila mmoja ajaze jedwali la safu tatu: alikuwa wapi, alisikia nini, ana sababu gani ya kusema hivyo. Kisha awasimulie wenzake bila kusoma.

4. Dakika 10. Kila mwanafunzi aandike hukumu yake mwenyewe pamoja na sentensi moja ya ushahidi. Baada ya hapo ndipo uwape matokeo: Preston aliachiwa huru, kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Wakili wao alikuwa John Adams, aliyekuja kuwa rais.

5. Dakika za mwisho, rudisha picha mkononi. Ilikuwa yapata saa tatu usiku, na theluji ilikuwa chini. Theluji iko wapi? Mwezi upo, lakini mbona mtaa mzima unaonekana kama mchana? Hapo watoto huinua vichwa wenyewe.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni kutaja jina la tukio mapema: ukisema "mauaji", umeshahukumu kwa niaba yao. La pili ni maandishi ya karne ya 18, ambamo herufi s huandikwa ikifanana na f. Chapa upya dondoo kwa herufi za leo, na ubandike nakala ya asili ukutani waione. La tatu ni mwisho mbovu, wanafunzi wakisema "kila mtu anadanganya" na kukunja daftari. Usiupokee mwisho huo. Waulize: kuhusu koti alilovaa afisa, nani wa kuaminiwa zaidi? Kuhusu amri, je? Shahidi mmoja anaweza kuaminika kwa jambo moja na kutiliwa shaka kwa jingine.

Mkutano wa Katiba wa 1787 unachosha. Nifanyeje wauelewe?

Tumia maharage. Unahitaji punje 65 na bahasha 13. Hizi ndizo nafasi ambazo Katiba yenyewe iliyapa majimbo katika Baraza la Wawakilishi la kwanza: Virginia 10, Massachusetts na Pennsylvania 8 kila moja, New York na Maryland 6, Connecticut, North Carolina na South Carolina 5, New Jersey 4, New Hampshire na Georgia 3, Rhode Island na Delaware 1. Wanafunzi 26 wanatosha jozi 13. Wakizidi, Virginia, Pennsylvania na Massachusetts zipewe watu watatu au wanne.

Andika ubaoni hoja moja inayouma, kwa mfano: kila jimbo lilipe kodi sawa ya kujenga mji mkuu. Piga kura ya kwanza kwa utaratibu wa jimbo moja kura moja. Zinahitajika kura 7. Kisha rudia kwa punje, zinahitajika 33. Usieleze chochote, waache wahesabu. Watagundua kwamba majimbo saba madogo yanaweza kushinda kura ya kwanza yakiwa na punje 22 tu, huku 43 zikishindwa. Katika kura ya pili majimbo matano makubwa yana punje 38 na hayamhitaji mtu. Lakini manne makubwa pekee, Virginia, Pennsylvania, Massachusetts na New York, yana 32. Yamepungukiwa punje moja. Ghafla ile punje moja ya Delaware inatafutwa darasa zima, na mtoto aliyekuwa amenuna kwa kupewa bahasha karibu tupu anabembelezwa kama bibi harusi.

Sasa waambie watunge mfumo ambao pande zote mbili zitaukubali. Wape dakika 12. Vikundi vingi hufika kwenye mabunge mawili bila kuambiwa, na ndipo unapowasomea maafikiano yaliyopitishwa tarehe 16 Julai 1787 kwa kura 5 dhidi ya 4. Waambie pia ukweli ambao zoezi linauficha: Rhode Island haikupeleka mjumbe hata mmoja.

Na suala la tatu ya tano je, yaani kuwahesabu kila watu watano waliokuwa utumwani kama watatu wakati wa kugawa viti, nalo nilifanye kwa maharage?

Hapana. Katika zoezi la kwanza punje zilikuwa viti vya bunge. Hapa zingekuwa binadamu, na kumpa mtoto binadamu watano ahesabu watatu ni kurudia tusi lenyewe. Tumia hesabu ubaoni. Sensa ya 1790 inaonyesha South Carolina ilikuwa na watu 249,073, na kati yao 107,094 walikuwa utumwani. Bunge la 1792 liligawa kiti kimoja kwa kila watu 33,000 na kuacha mabaki. Wanafunzi wapige hesabu tatu: wakihesabiwa walio huru tu, South Carolina inapata viti 4, wakihesabiwa wote, viti 7, kwa kanuni ya tatu ya tano, viti 6, na ndivyo ilivyopata.

Kisha uliza swali moja: hao watu 107,094, kati yao ni wangapi waliompigia kura yeyote? Nyamaza. Kosa ambalo wanafunzi wengi, na watu wazima wengi, hulileta hapa ni kudhani kwamba wenye watumwa walitaka wahesabiwe pungufu. Kinyume chake: walitaka wahesabiwe wote, ili wao wapate viti zaidi. Hesabu hiyo ya 4, 6 na 7 huliondoa kosa hilo vizuri kuliko maelezo ya dakika ishirini.

Je, niigize mnada wa watumwa, meli ya watumwa au Njia ya Machozi (safari ya Wacherokee walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao)?

Usifanye. Usifanye hata kama shule jirani inafanya, hata kama wanafunzi wenyewe wanaomba. Kuigiza hakumfanyi mtoto aelewe utumwa. Kunamfanya mtoto mweusi atazamwe na darasa zima, na kunawafundisha wengine kwamba jambo lile lilidumu dakika kumi kisha kengele ikalia. Hakuna maandalizi yanayoweza kulisafisha zoezi la namna hiyo.

Badala yake, soma matangazo ya magazeti ya kuwasaka waliotoroka. Yapo mengi na yanapatikana bure, mojawapo ya hifadhi kubwa ikiwa Freedom on the Move ya Chuo Kikuu cha Cornell. Chagua matangazo 6 hadi 8 na uyasome yote mwenyewe kwanza, kwa sababu mengine yanataja makovu na mateso kwa namna isiyofaa umri huu. Kila jozi isome tangazo lake mara mbili. Mara ya kwanza, kwa penseli ya kawaida, wapigie mstari anachotaka mwenye tangazo. Mara ya pili, kwa rangi, wapigie mstari alichokiri bila kukusudia: kwamba huyu mtu ni fundi seremala, anazungumza lugha mbili, anajua kusoma, amebeba nguo za mabadiliko, huenda ameelekea alikouzwa mkewe. Baadaye wamwandikie mtu huyo aya ya sentensi tano, kila sentensi ikitegemea neno lililomo kwenye tangazo. Wakianza kubuni majina ya watoto wake na ndoto zake, warudishe kwenye karatasi.

Kwa wanafunzi wa darasa la 8 ongeza mahojiano yaliyofanywa na serikali kati ya 1936 na 1938 na watu waliozaliwa utumwani. Yapo zaidi ya 2,300, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeyaweka mtandaoni. Kabla ya kusoma, waambie nani alikuwa anauliza: mara nyingi mzungu wa mji uleule, akimuuliza mzee mweusi enzi za ubaguzi wa kisheria. Swali la darasa liwe: ungemwambia nini mtu huyo, na ungemficha nini?

Kuna shughuli ya kuwasogeza watoto wasiokaa kitini?

Gari la kukokotwa la njia ya Oregon, ile waliyoifuata wahamiaji kwenda magharibi katika karne ya 19. Bandika selotepu sakafuni, mstatili wa mita 3 kwa mita 1.2. Hiyo ndiyo nafasi ya familia nzima kwa safari ya kilomita kama 3,200 na miezi minne hadi sita. Weka kikomo cha mzigo, kilo 900.

Chakula hakijadiliwi. Mwongozo mmoja wa wasafiri uliochapishwa mwaka 1845 ulitaka kila mtu mzima abebe ratili 200 za unga, 150 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa, 10 za kahawa, 20 za sukari na 10 za chumvi. Hiyo ni kama kilo 176. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili, ukihesabu kila mtoto nusu, inakula kilo 528 za mzigo kabla haijapakia sufuria. Zinabaki 372 za kugombania. Andaa kadi 25 hivi zenye jina la kitu, uzito na vipimo: jiko la chuma, kinanda cha bibi, mapipa ya maji, gurudumu la akiba, sanduku la vitabu, jembe, mbegu. Uzito wa kadi uupange mwenyewe, ila jumla yake izidi kilo 800 ili lazima kitu kiachwe.

Baada ya dakika 15 toa habari mbaya: ng'ombe wawili wamekufa, punguzeni kilo 200. Vitu vyao vitupwe nje ya selotepu, kama vilivyotupwa kweli karibu na Fort Laramie. Mwisho kila familia iandike sentensi nne za kutetea vitu viwili ilivyobakiza.

Tatizo la zoezi hili ni sinema. Watoto watataka mashambulizi. Waonyeshe kwamba kipindupindu, ajali za magari na bunduki, na kuzama mitoni viliua wasafiri wengi zaidi. Tandika pia ramani ya pili sakafuni yenye majina ya mataifa ambayo ardhi yao ilipitiwa: Pawnee, Lakota, Cheyenne, Shoshone, Nez Perce. Bila ramani hiyo, mtoto atatoka akiamini nchi ilikuwa tupu.

Naweza kuunganisha historia ya Marekani na Afrika Mashariki bila kulazimisha?

Unaweza, na kamba ya kuunganishia imo katika lugha yetu. Kitambaa cheupe kizito cha pamba kisichopaushwa kiliitwa amerikani au merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa wingi, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ulitiwa saini Muscat mwaka 1833. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem alifika Zanzibar akiwa konsuli. Na mwaka 1840 meli ya Sultana ilitia nanga New York chini ya mjumbe Ahmad bin Na'aman. Pembe nyingi ziliishia Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zikawa vibonye vya piano na vitana.

Panga vituo vinne pembeni mwa darasa, dakika 8 kila kimoja. Kwenye kituo cha pamba weka pamba yenye mbegu, ramani ya majimbo ya kusini na dondoo ya mtu aliyelima pamba utumwani. Kwenye kituo cha kiwanda weka yadi moja ya kitambaa kisichopaushwa, waguse na kuhesabu nyuzi ndani ya sentimita moja, na dondoo kuhusu wasichana waliofanya kazi viwandani Massachusetts. Kituo cha tatu ni bandari ya Zanzibar, na cha nne ni Connecticut, penye picha ya piano. Kila kituo kina maswali yaleyale mawili: nani alilipwa hapa, nani hakulipwa? Watoto wakifika cha nne, wataona kwamba kaskazini "huru" ilivaa, iliuza na kupiga muziki kwa jasho la watu wa mabara mawili. Maliza kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: viwanda vilipokosa pamba kati ya 1861 na 1865, kitambaa cha Marekani kiliadimika Zanzibar na cha Uingereza kikachukua nafasi.

Mwanafunzi mwenye bibi anayezungumza Kiswahili apewe kazi ya nyumbani: amuulize kama analijua neno amerikani na lilimaanisha nini kwao.

Wanafunzi wangu wanachanganya miaka. Kuna dawa?

Kamba na vibanio vya nguo. Sentimita moja kwa mwaka mmoja. Funga ukutani kamba ianzie 1607, mwaka wa Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko, na uache hapo mwaka mzima wa masomo. Kila somo linabana kadi yake. Siku moja wape rula na waambie wapime. Kutoka 1619, Waafrika wa kwanza walipofikishwa Virginia, hadi 1865, marekebisho ya 13 ya Katiba yalipopiga marufuku utumwa, ni sentimita 246. Kutoka 1865 hadi 2025 ni sentimita 160. Mtoto akisimama kwenye kibanio cha 1865 na kutazama kushoto kisha kulia, amepata jambo ambalo kitabu hakimpi.

Usikubali kamba isiyo na kipimo. Kadi zilizopangwa kwa mfuatano tu zinaficha urefu wa muda, na urefu ndio unaotafutwa.

Midahalo inaishia kuwa kelele. Nifanyeje?

Kwanza angalia swali. Usijadili kamwe kama utumwa ulikuwa sahihi au kama Wacherokee walistahili kuondolewa. Jadili jambo ambalo ushahidi umeliacha wazi, kwa mfano: je, Lincoln aliwakomboa waliokuwa utumwani, au walijikomboa wenyewe? Upande mmoja una Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863. Upande wa pili una watu watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliotoroka utumwani wakakimbilia Fort Monroe, ngome ya jeshi la Muungano (upande wa kaskazini), Mei 1861, karibu miaka miwili kabla ya tangazo hilo, na askari weusi karibu 180,000 waliopigana upande wa Muungano.

Pili, vunja darasa katika meza za watu wanne, jozi kwa jozi. Jozi A inajenga hoja dakika 3. Jozi B hairuhusiwi kujibu. Inarudia hoja ya A mpaka A waseme "ndivyo tulivyosema". Kisha zamu ya B. Baada ya hapo wanabadilishana pande na kurudia. Mwisho wanaacha pande zote na kuandika pamoja sentensi mbili wanazokubaliana wote wanne. Kelele inapungua kwa sababu huwezi kurudia usichosikiliza. Ukiruka hatua ya kurudia ili kuokoa muda, zoezi limekufa.

Kodi ya Stempu ya 1765 kwa kutumia pipi, bado inafaa?

Inafaa ukijua inakokupeleka. Hii ni kodi ambayo Bunge la Uingereza liliwatoza wakoloni wa Amerika kwenye karatasi zao. Kila mtoto anapewa pipi 10, watoza kodi wanamnyang'anya moja kila anapoomba karatasi, kwenda msalani au kuchonga penseli. Hasira inakuja haraka. Hatari ni kwamba watatoka wakidhani kodi ilikuwa kubwa mno, ilhali ugomvi ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuitoza. Kwa hiyo fanya raundi ya pili yenye kodi ileile, safari hii darasa likiipigia kura lenyewe. Pipi zilezile zinatoka mkononi, lakini hasira hailingani. Tofauti hiyo ndiyo somo. Angalia pia mzio wa karanga. Vibanio vya karatasi hufanya kazi hiyohiyo.

Nina wanafunzi waliofika karibuni, wanazungumza Kiswahili zaidi ya Kiingereza. Wanaweza kushiriki?

Kikamilifu, mradi usiwape kazi ya kupaka rangi huku wenzao wakisoma. Waache wajadili chanzo kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike sentensi ya Kiingereza kwa kiunzi ulichowapa. Fupisha dondoo, usifupishe swali. Andaa kadi za maneno 8 kwa somo, si 30: Katiba, marekebisho, Seneti, Baraza la Wawakilishi, jimbo, ushuru, mkataba, haki ya kupiga kura. Neno linalowasumbua zaidi ni lile la jimbo, "state", kwa sababu Kiingereza hutumia neno hilohilo kwa jimbo na kwa dola nzima, lieleze mapema.

Wengi wao wametoka Kongo au wamekulia kambini. Ukifika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, usimpangie mtoto kuwa majeruhi, mkimbizi wala askari katika igizo lolote. Mwonyeshe picha za somo siku moja kabla, faraghani, na umpe njia ya kukaa pembeni bila kuulizwa sababu. Baadhi yao watataka kuzungumza. Wasikilize, lakini usiwageuze kuwa mfano wa darasa.

Niwaite nini wenyeji wa Amerika kwa Kiswahili?

Achana na "Wahindi Wekundu" wa vitabu vya zamani. Linaumiza, tena linamchanganya mtoto anayejua Wahindi ni nani. Sema Wenyeji wa Amerika kwa ujumla, na kila unapoweza taja taifa lenyewe: Wacherokee, Walakota, Wanavajo. Ukifundisha Sheria ya Kuwaondoa ya 1830, iliyoruhusu Wenyeji wa Amerika wahamishwe kwenda magharibi ya Mississippi, taja kwamba ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Watoto hudhani kila mtu wa zamani alifikiri sawa. Kura tano tu zinawatoa kwenye dhana hiyo.

Sina bajeti wala printa ya rangi.

Maktaba ya Bunge la Marekani na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa zimeweka picha, barua, ramani na magazeti mtandaoni bila malipo. Picha moja kwenye projekta inatosha darasa zima. Ukiwa na kopi chache, ziweke ndani ya mifuko ya plastiki na vipindi vyote vitano vitumie zilezile.

Natoaje alama?

Kwa karatasi ndogo ya kutokea mlangoni, mistari mitatu: ninadai nini, ushahidi gani unaniambia hivyo, nini bado kinanitia shaka. Alama 2, 4 na 2. Ushahidi unabeba alama nyingi kwa makusudi, na wanafunzi wataligundua hilo ndani ya wiki mbili. Mstari wa tatu ukiachwa wazi, mrudishie. Usitoe alama kwa uigizaji, kwa mapambo, wala kwa kupaza sauti. Mtoto mkimya aliyesoma vizuri asishindwe na mchangamfu aliyebahatisha.

Zoezi likinivurugikia katikati?

Simamisha. Wote wakae, daftari wazi, dakika 3 za kuandika: tulikuwa tunajaribu kujua nini, na mpaka sasa tumepata nini? Mara nyingi utakuta nusu ya darasa haikuwahi kulijua swali. Liandike ubaoni kwa herufi kubwa, rudisha vikundi kwenye hatua waliyokuwa, na upunguze vyanzo kutoka vinne hadi viwili. Vilivyobaki vitatumika kesho.